College Scorecard: nimeitumia kupima mkopo wa digrii ya sayansi ya jamii, haya ndo niliyoyaona

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Hii ni tovuti ya bure ya Wizara ya Elimu ya Marekani, hujisajili, hutoi barua pepe, unaingia unatafuta chuo na kozi unaona waliosoma pale wamemaliza na deni kiasi gani na baadaye wanaingiza kiasi gani. Kwa mtu anayetaka kukopa ili asome sosholojia, sayansi ya siasa, anthropolojia, jiografia, uchumi na kozi za aina hiyo, naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota 1 nimeibakiza kwa sababu kuna namba usipojua zimetoka kwa kina nani zinaweza kukudanganya kabisa, na nitazieleza maana ndo sehemu iliyonigusa zaidi.

Kilichonipeleka huko ni mtoto wa dada yangu, yaani mwanangu. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, huku huku Marekani, amekubaliwa vyuo viwili na kote anataka sosholojia. Kimoja ni cha binafsi na jina lake kila mtu analijua, kingine ni chuo cha umma cha jimbo analoishi na wengi hawakitaji sana. Akanipigia usiku akaniambia "mamdogo nimeshaamua, naenda hiki kikubwa, mkopo nitalipa nikipata kazi." Aisee sikulala. Hiyo sentensi ya mwisho ni yangu, neno kwa neno, niliisema mwaka 2010 na nimeilipia mpaka juzi.

Mimi nilisoma sosholojia nikamaliza 2014. Nilitoka na deni la dola 25,000 la serikali kuu na dola 18,000 la kampuni ya binafsi, jina naliacha, na hilo la pili baba mkubwa ndo alinidhamini kwa sahihi yake. Kazi ya kwanza niliipata kwenye shirika dogo lisilo la faida linalosaidia wakimbizi, mshahara dola 36,000 kwa mwaka. Kwenye karatasi ni dola 3,000 kwa mwezi, ila ukitoa kodi na bima nilikuwa nabaki na kama 2,400, na mikopo yote miwili ilikuwa inachukua karibu dola 500 kila mwezi. Yaani karibu moja ya tano ya hela iliyonifikia mkononi inaondoka kabla sijalipa pango. Kazi niliipenda, naipenda mpaka leo, na sosholojia sijawahi kuijutia hata siku moja. Nilichojutia ni ile 18,000, maana wakati nasaini hakuna mtu aliyeniwekea deni na mshahara pamoja niviangalie kwa wakati mmoja. Kila kimoja kilikuwa na ofisi yake na karatasi zake.

Hii tovuti kazi yake ni hiyo, kuviweka viwili hivyo ukurasa mmoja. Ilianza 2013, ikafumuliwa upya Septemba 2015, lakini miaka yote hiyo ilikuwa inaonyesha chuo kizima kizima, mhandisi na mwanasosholojia na muuguzi wote kwenye kapu moja, kwa hiyo kwa mtu wa sayansi ya jamii ilikuwa haina msaada sana. Mabadiliko makubwa yalikuja 2019 walipoanza kuweka deni na kipato kwa kila kozi ndani ya kila chuo. Hapo ndo ikawa kitu cha maana.

Na cha kuipendea zaidi ni namba zinapotoka. Vipeperushi vya vyuo vingi vinakuambia "asilimia fulani ya wahitimu wetu wana kazi", ukiuliza wamejuaje wanakwambia walituma dodoso. Sasa jamani, dodoso anajibu nani? Aliyepata kazi nzuri anajibu haraka na picha anaweka, aliyerudi kuishi kwa wazazi akifungua ile barua pepe anaifunga. Huku Scorecard hawamuulizi mtu. Wanachukua rekodi za misaada ya masomo ya serikali kuu wanazilinganisha na rekodi za kodi, kwa hiyo anayefanya vizuri na anayehangaika wote wamo, hakuna anayejificha wala anayejisifia.

Namba wanayoonyesha ni ya katikati, sio wastani. Maana yake ukiwapanga wahitimu wote wa kozi ile mstari mmoja kuanzia anayepata kidogo mpaka anayepata kingi, yule aliyesimama katikati kabisa mshahara wake ndo unaouona. Nusu wako chini yake. Mwanangu aliposoma namba ya mshahara kwenye simu akasema "kwa hiyo mimi nitapata hii", nikamwambia hapana mama, hii inakwambia nusu ya waliokutangulia wamepata chini ya hapa, sasa jiulize ukiwa kwenye hiyo nusu deni litalipika? Akanyamaza muda mrefu, na nadhani ndo mara ya kwanza alilichukulia deni kama kitu kinachomhusu yeye.

Kwenye kutafuta kozi uwe makini na majina. Sayansi ya jamii kwenye mfumo wao wa kuzipanga kozi ina namba 45 na humo ndani kuna uchumi, sosholojia, anthropolojia, sayansi ya siasa, jiografia. Saikolojia haimo, ina namba yake 42. Ustawi wa jamii nao uko kwingine, 44, pamoja na utawala wa umma. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wakisema "digrii za sayansi ya jamii hazilipi" au "zinalipa vizuri tu" wanazungumzia kapu ambalo uchumi unavuta namba juu na anthropolojia inavuta chini, na kila mmoja anachukua ile inayomfaa kwenye mabishano. Mtu wa uchumi anaingia benki au bima au ofisi za data, soko lake ni tofauti kabisa na la mtu wa sosholojia. Usikubali namba ya kapu zima. Ingia kwenye kozi yenyewe kwenye chuo chenyewe.

Hapo hapo niseme na upande wa pili maana sitaki watoto watishwe bila sababu. Tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani linatoa jedwali la ajira kwa kila fani, na kwenye toleo la 2025 lililotumia takwimu za 2023 wahitimu vijana wa anthropolojia walikuwa na ukosefu wa ajira wa asilimia 9.4, wako juu kabisa. Lakini hapo karibu yao wapo wa uhandisi wa kompyuta wenye asilimia 7.5, fani ambayo kila mzazi anaililia. Kwa hiyo kuhama fani kwa woga tu nako hakuna uhakika. Ukiwa na jedwali lile na Scorecard pembeni unapata picha nzuri zaidi, maana Scorecard yenyewe haikwambii nani hana kazi au nani anafanya kazi isiyohitaji digrii. Wewe unaona kipato tu.

Haya sasa nyota 1 ilikokwenda.

Kwanza kipato kinahesabiwa kwa waliopata msaada wa serikali kuu peke yao, ruzuku au mkopo. Aliyelipiwa na wazazi kila kitu hayumo. Na hili wenzangu wa kutoka nje mlisikie vizuri, mwanafunzi wa viza ya F-1, yaani ile ya wanaokuja kusoma kutoka nje, hayumo kabisa, maana hapati hiyo misaada. Napata meseji nyingi za vijana walioko nje wanaotaka kuja kusoma huku wananitumia picha za Scorecard wananiambia dada angalia mshahara huu, nalipa deni miaka mitatu. Mdogo wangu, ule mshahara ni wa watu wenye haki ya kufanya kazi popote nchi hii bila kumuomba mtu. Wewe ukimaliza una miezi 12 ya kibali cha kufanya kazi kwenye fani yako, na ile nyongeza ya miezi 24 ni ya kozi zilizo kwenye orodha ya sayansi na teknolojia, na sosholojia na sayansi ya siasa za kawaida hazimo. Uchumi wa kawaida pia haumo, ila ekonometriki na uchumi wa kihesabu imo, ndo maana vyuo vingi vimebadilisha namba ya kozi yao ya uchumi, na ni swali la kuuliza kabla hujalipa chochote. Namba za deni pia hazikuhusu kwa sababu wewe mkopo utakaopata ni wa binafsi, mara nyingi unaotaka mdhamini raia au mkazi wa kudumu.

Pili, na hii kwa sayansi ya jamii ni kubwa sana, aliyerudi darasani hahesabiwi kwenye kipato. Wanahesabu walio kazini na ambao hawako chuoni mwaka huo. Sasa watu wetu wanaorudi kusoma ni wengi, wengine masta ya ustawi wa jamii, wengine sheria, wengine udaktari wa falsafa. Mtu akienda masta anatoka kwenye hesabu ya mshahara wa digrii ya kwanza, na deni jipya la masta linahesabiwa kwenye ukurasa wa masta. Kwa hiyo ukiangalia ukurasa wa digrii ya kwanza unaona deni dogo la kupendeza, kumbe kazi unayoitaka inahitaji masta na deni halisi la safari nzima ni ukurasa huo ukijumlisha na mwingine. Kuitwa mwanasosholojia kwa maana ya kazi yenyewe, mtafiti, kwa kawaida ni masta au zaidi, na nafasi zake nchi nzima ni elfu chache tu. Wengi wetu tunafanya kazi zenye majina mengine kabisa. Mimi miaka 10 sijawahi kuwa na cheo chenye neno sosholojia.

Na masta yenyewe sheria imebadilika. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imefuta Grad PLUS, ule mkopo wa serikali kuu wa wanaosoma masta na kuendelea, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na kwa masta za kawaida imeweka kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na jumla dola 100,000. Zamani ulikuwa unaweza kukopa serikalini mpaka gharama yote iishe. Namba za deni la masta unazoziona leo kwenye Scorecard ni za watu waliosoma chini ya utaratibu wa zamani, kwa hiyo anayeingia sasa kwenye masta ya bei kubwa asifikirie atapata njia ile ile, huenda kilichozidi akaambiwa akatafute kampuni binafsi.

Tatu, mikopo ya binafsi haimo. Hili linaniuma kwa sababu ndo lililoniumiza. Deni unaloliona ni la serikali kuu alilochukua mwanafunzi mwenyewe. Mkopo wa mzazi, ule wa Parent PLUS, unaonyeshwa pembeni na wengi hawauoni, na wa kampuni binafsi hauonyeshwi popote. Mtu kama mimi kwenye data zao nina deni la 25,000. Ile 18,000 iliyokuwa inamkosesha raha baba mkubwa kila nikichelewa kulipa, haipo. Sasa chukua chuo cha bei ghali ambacho familia nyingi zinakopa pembeni, ukurasa wake utaonekana sawa na chuo cha bei nafuu, kwa sababu serikali ina kikomo na vyote viwili vimegonga kikomo hicho hicho!

Kikomo chenyewe ukijue. Mwanafunzi anayetegemea wazazi anaruhusiwa dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 wa tatu na 7,500 wa nne. Jumla 27,000. Ukiona deni la kati la kozi linasogelea 27,000 ujue wengi wamekopa karibu mpaka mwisho, na hapo lazima uulize zilizobaki zilitoka wapi. Hiyo ni alama ambayo tovuti haikwambii, unaijua mwenyewe kwa kujua kikomo.

Kuna na ukurasa mtupu. Kozi yenye wahitimu wachache hawaonyeshi namba ili watu wasijulikane, na anthropolojia au jiografia kwenye chuo kidogo mara nyingi utakuta hamna kitu. Hapa sina lawama, faragha ni haki, ila ujue ukikuta utupu haimaanishi kozi mbaya.

Kuhusu kipato cha chuo kizima, kile kinachoonekana juu ukifungua tu, mimi nakiruka. Ni cha watu wote waliopata msaada miaka 10 baada ya kuanza, wa kozi zote, waliomaliza na walioacha njiani. Kwa uamuzi wa sosholojia hakikusaidii.

Sasa tulivyopiga hesabu na mwanangu. Tulichukua daftari, maana namba ya malipo ya mwezi iliyo pale ni ya kozi nzima na mimi nilitaka aione yake. Tukachukua 27,000 kwa riba ya asilimia 6.39, ambayo ndo riba ya mikopo ya digrii ya kwanza kwa mwaka wa masomo 2025/26 (riba inapangwa upya kila mwaka ila ukishakopa ya mwaka huo haibadiliki). Kwa miaka 10 inatoka kama dola 305 kwa mwezi, na mwisho wa yote umelipa karibu 36,600. Alafu ile sheria mpya imebadilisha mpango wa kawaida kwa wanaokopa kuanzia Julai 2026, urefu unategemea ukubwa wa deni, na deni la kuanzia 25,000 mpaka chini ya 50,000 linalipwa miaka 15. Kwa miaka 15 mwezi unashuka mpaka kama dola 234, unaona nafuu, ila jumla inafika karibu 42,000. Mwanangu macho yakamtoka. Dola 5,400 zaidi kwa deni lile lile. Na ukibaki chini ya 25,000 unapewa miaka 10, kwa hiyo zile dola 2,000 na kidogo za mwisho za mkopo ni ghali kuliko zinavyoonekana, heri ufanye kazi kiangazi usizichukue.

Alafu nikamfundisha kipimo cha asilimia 8, ambacho Wizara yenyewe imekitumia kwenye kanuni zake za kupima programu: malipo ya mkopo kwa mwaka yasizidi asilimia 8 ya kipato cha mwaka. Dola 305 mara 12 ni 3,660, ili hiyo iwe asilimia 8 unahitaji kuingiza kama 45,750 kwa mwaka. Mimi na ile 36,000 yangu na 500 kwa mwezi nilikuwa kwenye asilimia 16 na kitu. Mara mbili ya kipimo. Sikuwa nimewahi kuipiga hiyo hesabu kwa miaka yote mpaka usiku ule mezani na yeye, na nakiri nilisimama nikaenda dirishani kidogo.

Kitu kingine Scorecard hawakuonyeshi, na kwa watu wa sayansi ya jamii kinaweza kubadilisha kila kitu, ni msamaha wa mkopo kwa watumishi wa umma. Upo kwa sheria tangu 2007. Ukifanya kazi muda wote serikalini au kwenye shirika lisilo la faida linalotambulika, ukalipa malipo 120 kwenye mpango unaokubalika, deni la serikali kuu lililobaki linafutwa. Watu wetu wangapi wanaishia mashirika na halmashauri na mashule! Lakini yale maneno "mpango unaokubalika" yaandike ukutani. Mimi kampuni iliyokuwa inakusanya malipo yangu, jina naliacha nayo, ilinishauri nichukue mpango unaoanza na malipo madogo alafu yanapanda, hakuna aliyeniambia kwamba huo hauhesabiki. Nimelipa miaka bila kujua kwamba silipi kuelekea popote. Kilichoniokoa ni ule unafuu wa muda uliotangazwa Oktoba 2021 ukaisha Oktoba 31, 2022, ulihesabu malipo ya nyuma hata ya mpango usio sahihi. Nilijaza fomu wiki ya mwisho. Mwaka 2025 la serikali likafutwa. Lile la binafsi lilikuwa halina msamaha, halina kupunguziwa kwa sababu mshahara mdogo, na kipindi cha korona serikali ilipositisha malipo kuanzia Machi 2020 lenyewe liliendelea kunidai kila mwezi. Nimelimaliza kwa hela yangu mpaka senti ya mwisho. Mtu mmoja, digrii moja, madeni mawili, na ukiniuliza tofauti ya dola 1 ya serikali na dola 1 ya kampuni binafsi ndo hiyo.

Kwa hiyo nikirudi kwenye tovuti, mimi upande wa mshahara nausoma kama onyo na upande wa deni nausoma kama ramani. Mshahara hautauchagua wewe, utaamuliwa na soko na mji na bahati na masta na mengine mengi. Deni unalichagua leo ukiwa na kalamu mkononi. Na kwenye hilo Scorecard ina kipengele kizuri kuliko vyote ambacho watu hawakifungui: bei halisi kwa mwaka kufuatana na kipato cha familia, baada ya kutoa ruzuku na skolashipu. Imegawanywa makundi, 0 mpaka 30,000, 30,001 mpaka 48,000, 48,001 mpaka 75,000, mpaka 110,000, na zaidi ya hapo. Chuo kinachotangaza bei ya kutisha unaweza kukuta familia ya kipato chako inalipa kidogo kuliko chuo cha jimbo, na kinyume chake pia. Zingatia tu kwamba kwa vyuo vya umma bei hiyo ni ya wakazi wa jimbo, na kote ni ya wanaoanza mwaka wa kwanza muda wote, aliyehamia kutoka chuo cha miaka 2 hayumo. Na hiyo njia ya kuanza chuo cha miaka 2 alafu kuhamia, kwa sayansi ya jamii naiunga mkono kwa nguvu zote, maana miaka miwili ya kwanza ni masomo ya utangulizi ambayo yanahamishika vizuri mkikubaliana na chuo mapema, kwa maandishi.

Angalia na asilimia ya wanaomaliza. Hao wanaoacha njiani na deni dogo tu ndo wanaoshindwa kulipa zaidi kuliko hata wenye deni kubwa na digrii, kwa sababu deni wanalo na cheti hawana.

Jambo la mwisho la sheria, ile ya 2025 imeleta na mtihani wa kipato. Programu ya digrii ya kwanza ambayo kipato cha kati cha wahitimu wake kiko chini ya cha watu wazima wa miaka 25 mpaka 34 wenye cheti cha sekondari tu, ikishindwa miaka 2 kati ya 3, wanafunzi wake hawapati tena mikopo ya serikali kuu. Kozi nyingi za sayansi ya jamii zinavuka hapo, lakini zipo za vyuo fulani zinazopita kwa karibu sana, na ukiingia mwaka wa kwanza una miaka minne mbele. Ukiona kipato cha kozi yako kiko jirani na cha mtu wa sekondari, uliza chuo wana mpango gani.

Kwa mwanangu ilikuwa hivi. Kozi ile ile ya sosholojia, chuo chenye jina deni la kati lilikuwa limegonga karibu na kikomo, na la wazazi pembeni lilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea. Chuo cha jimbo deni lilikuwa kama nusu. Mshahara tofauti yake ilikuwa ndogo, hela ambayo usingeisikia kwa mwezi. Na bei halisi kwa kipato cha dada yangu, chuo cha jina kilikuwa kinaacha pengo ambalo lisingezibika bila mkopo binafsi na bila mdhamini. Mdhamini huyo angekuwa mimi. Nilimwambia wazi kwamba nampenda na sitasaini, na nikamweleza baba mkubwa alivyoteseka na sahihi yake.

Alilia kidogo, sitaficha. Siku mbili baadaye akanipigia mwenyewe, akasema ameandika barua ofisi ya misaada ya fedha ya chuo cha jina kuwaomba waangalie upya ruzuku yake, kwa sababu mama yake alipunguziwa saa za kazi mwaka jana na FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ilisoma kipato cha zamani. Nikamwambia umefanya jambo la mtu mzima. Jibu lao linatakiwa kuja ndani ya wiki mbili, na kwa chuo cha jimbo amana ya nafasi tumeshailipa ili asikose.